Mama Tulia na Wakata Miwa

Hakuwa na mtoto anayeitwa Tulia. Hakuwa na mtoto kabisa. Jina alipewa na wateja wake, kwa sababu kila aliyeketi mbele ya kamera yake aliambiwa "tulia" kabla ya kupigwa picha, akaambiwa tena wakati wa kupigwa, na wengine waliambiwa hata baada ya picha kwisha. Mgeni asiyejua alimuuliza kwa adabu, Tulia hajambo? Naye bila kucheka alijibu kwamba hajambo, yuko kazini.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye milango ya mbao ya kukunja, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga nafaka. Mashine ikinguruma, sakafu ilitetemeka, na miguu mitatu ya kamera ikatetemeka nayo. Kwa hiyo alipotaka kupiga picha alivua kiatu, akagonga ukuta, na jirani yake mwenye mashine akaizima kwa muda mfupi huku akilalamika kwamba unga wa watu unacheleweshwa na sura za watu.

Kamera ilikuwa ya mumewe. Enzi za uhai wake mume ndiye aliyepiga, mke ndiye aliyesafisha filamu katika kijichumba cha nyuma kisicho na dirisha, mikono ndani ya dawa mpaka vidole vikabadilika rangi. Alizijua sura za mji mzima, lakini alizijua kinyume: weusi ukiwa weupe, weupe ukiwa weusi, watu wakiwa wadogo kama kucha, wananing'inia kwenye kamba. Kutazama ndani ya kamera yenyewe hakuwahi. Mume alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, shemeji zake walikuja msiba ulipopoa, wakaiulizia. Iuzwe, walisema, kwani mwanamke ataifanyia nini. Aliwakaribisha vizuri, akawapa chai, akawasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akawaambia kwamba ndani ya kamera mna picha za watu ambazo bado hazijatoka, na kuuza mali ya watu ni aibu. Wangojee kwanza zitoke. Wakangoja. Picha hazikuisha kuwemo.

Mwanzoni alikata watu vichwa. Aliona vizuri, lakini akibonyeza mkono ulishuka, na mtu akatoka kuanzia kidevu kwenda chini. Fundi cherehani mmoja alirudisha picha yake akiwa ameishika kwa ncha za vidole. "Shemeji," alimwambia, "nilileta uso. Umenirudishia shingo." Hakubisha. Alimpiga tena bila malipo, na tena, mpaka uso ukarudi mahali pake. Kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi, na yule fundi aliishia kuwa mpiga debe wake mkubwa.

Kisha ukaja mwaka wa sukari. Watu wetu bado wanauita hivyo, ingawa ulikuwa zaidi ya mwaka. Mji ule uliishi kwa miwa: upande mmoja barabara na maduka, upande wa pili shamba lisilo na mwisho, katikati kiwanda. Bei ya sukari ilianguka huko mbali inakouzwa, na ilipoanguka ilituangukia sisi. Bomba la kiwanda likawa linapitisha siku nzima bila moshi. Vibarua wakapunguzwa, mishahara ikachelewa, kisha ikawa inatolewa nusunusu. Harusi zikawa za kimyakimya. Wakata miwa, waliozoea kuja studio siku ya mshahara wakiwa wameoga na kunukia sabuni, hawakuonekana tena mjini. Mama Tulia alifungua milango asubuhi, akafagia, akakaa, akafunga jioni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama wakata miwa hawaji, aliamua, atawafuata. Kulikuwa na uvumi kwamba nusu ya kambi yao itahamishwa na watu watawanyike, na mtu anayekaribia kutengana na jirani yake hutaka kubaki na sura yake, hata kama chungu ni kitupu. Akafunga nyuma ya baiskeli pazia la kitambaa lililochorwa bustani na ngazi, kiti cha kukunja, na koti la studio. Akaenda kambini.

Kambi ilikuwa mistari ya vyumba vya matofali vilivyogeukiana, bomba moja la maji katikati, na uwanja uliofagiliwa hadi ukang'aa. Alitundika pazia kwenye kamba ya kuanikia nguo, na watu wakaja mmoja mmoja kupigwa mbele ya bustani ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wanaume wote walivaa koti lile. Lilikuwa la harusi la marehemu, jeusi, la mtu aliyekula vizuri, kwa hiyo alilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo ili liwakae. Kwa mbele mtu alionekana kama karani. Kwa nyuma alionekana kama kuku aliyefungwa kwenda sokoni.

Na kwa vibanio hivyo ndivyo alivyoijua njaa ya kambi kabla hajaambiwa na mtu. Aliyetoshwa na kibanio kimoja mwanzoni mwa mwaka hakutoshwa nacho baada ya mvua. Vilihitajika viwili, kisha vitatu. Mbele picha ilikuwa ileile. Alilipwa kwa kuni, kwa yai, mara nyingi kwa ahadi, na ahadi alizipokea kama walivyozitoa, bila kuuliza zitatimizwa lini.

Siku moja ilifika zamu ya mkata miwa aliyeitwa Msumari. Alikuwa mwembamba na mrefu, wa kuongea kidogo, na aliyempa jina hilo alisema ukimgonga hakunji mgongo, anazama tu. Alilipokea koti, akalitazama nje, akalitazama ndani, akalirudisha.

"Dada, hili ni la marehemu wako," alisema. "Mimi nina kazi yangu. Nipige nikiwa naifanya."

Mama Tulia alidhani anatania. Lakini mke wa Msumari, aliyekuwa ameketi kizingitini akimsuka binti mmoja huku mwingine akingojea, alijua mumewe hana utani. Walikuwa na mabinti pacha, ndiyo maana kambi nzima ilimwita Mama Pacha. Alikataa palepale. Picha hiyo, alisema, itatumwa kwa mama mkwe wake, na mama mkwe ataona masizi usoni mwa mwanawe aseme kaoa mwanamke asiyejua maji. Wanawake wengine wakamuunga mkono. Msumari akajibu kwamba mama yake aliolewa na mkata miwa na akazaa wakata miwa, masizi anayajua kuliko sabuni. Watu wakacheka. Mama Pacha akaendelea kusuka, na binti akalia kwamba anavutwa sana.

Asubuhi iliyofuata Mama Tulia alikuwa shambani. Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, ili majani makavu yaishe na nyoka wakimbie, na kinachobaki ni mabua meusi yanayonata utamu. Wakataji walisimama mbele ya mabua hayo yaliyokuwa kama ukuta wa makaa, vitambaa mikononi, mapanga chini. Nyapara, mtu mnene aliyetembea nyuma ya mstari akiwa na fimbo ya kupimia, alimwona akampungia mkono. Alimfahamu kama mama wa picha za vitambulisho.

Mama Tulia hakujua asimame wapi. Hakukuwa na kiti wala pazia wala wa kumwambia atulie. Kumtuliza mkata miwa ni kumpunguzia mzigo wake kwenye mzani. Msumari aliinama, akakamata bua, akakata chini, akanyanyuka, akakata juu, akatupa pembeni, na kabla bua halijatua alikuwa ameshainama tena. Mama Tulia alikimbia huku na huku, jivu likimwingia kwenye viatu, akapiga nyingi zilizoharibika na chache ambazo alihisi, asijue kwa nini, kwamba ameshika kitu.

Katika kijichumba cha nyuma, filamu ilipotoka kwenye dawa, nyuso zile nyeusi zilikuwa nyeupe pe, kama watu waliotoka kwenye mashine ya jirani. Akacheka peke yake. Kisha akazihamishia kwenye karatasi, akazitundika zikauke, na alipozitazama mchana, cheko likamwisha. Mbili zilimshika. Ya kwanza ilikuwa ya uso wa Msumari, macho meupe katikati ya masizi, yakitazama bua linalofuata. Katika ya pili alikuwa amegeuka: mgongo wake, panga juu, bega la kulia limetangulia mbele ya mwili mzima kana kwamba ndilo linalokwenda kazini na mtu mwenyewe anafuata.

Alimpelekea. Msumari aliichukua ile ya mgongo na kuishika muda mrefu sana hata pacha wakaanza kumvuta suruali.

"Huu ni mgongo wa baba," alisema mwishowe.

Wake mwenyewe hakuwahi kuuona, nani huuona wake? Wa baba yake aliutazama utoto wote, alipokuwa akitembea nyuma yake na kupanga miwa mafungu. Mama Pacha alikuja akachungulia begani kwa mumewe. Aliifuta picha kwa upindo wa nguo yake, ingawa haikuwa na vumbi, akaiweka ndani.

Baada ya hapo wengi wakataka. Si wote, wako waliobaki na koti na bustani, na hao nao aliwapiga kwa moyo uleule. Lakini wengine walisema wapigwe walivyo, na Mama Tulia akawa anafika kambini karibu kila wiki, na wakati mwingine hakufungua pazia kabisa. Alimpiga mzee wa kuwasha moto wa shamba akipuliza kinga cha moto. Aliwapiga wanawake wanaookota mabua yaliyoachwa na trekta, wamefunga vitambaa hadi puani. Aliingia vyumbani. Chumba cha kambi kilikuwa kitanda kimoja, gunia lililotundikwa kutenganisha wazazi na watoto, matandiko yaliyokunjwa vizuri hadi kwenye pembe, sufuria zimepangwa kutoka kubwa kwenda ndogo hata kama zote hazikuwa na kazi siku hiyo. Mama mmoja alimzuia mlangoni mpaka amalize kupiga deki, na alipomwambia kwamba deki haionekani kwenye picha, yule mama alijibu kwamba yeye ataiona.

Wakati huo huo mwandishi wa gazeti la mji mkuu alikuwa amefika na kamera yake nzuri, akarudishwa na walinzi kwenye geti la shamba. Aliingia studio kununua filamu tu. Akaziona picha zimetundikwa, akasahau alichokuja kununua. Alikuwa kijana mwenye heshima, alimwita mama na akasimama mpaka alipoambiwa akae. Alisema picha hizo zikichapishwa, wakubwa hawatalala. Akaanza kuzitoa kwenye kamba, moja baada ya nyingine, na Mama Tulia aliona anachochagua: waliokonda, waliolala, mtoto aliyekuwa analia kwa sababu ameng'atwa na siafu.

Akamwomba azirudishe kwenye kamba. Alimweleza kwamba picha alipiga yeye, lakini nyuso si zake. Atakwenda kuwauliza wenyewe. Kijana akasema, kwa upole, kwamba gazeti halina subira.

"Basi litangulie," alimjibu.

Kijana hakutangulia. Alilala kwenye nyumba ya wageni, akangoja.

Siku ya mapumziko Mama Tulia alitandika mkeka karibu na bomba la kambi na kuzipanga picha juu yake. Mwanzo ilikuwa kicheko: huyu kafumba jicho, yule kumbe ana kipara. Kisha akawaambia gazeti linazitaka. Mzee wa kuwasha moto alisema yeye hana cha kupoteza, meno yenyewe yameshakwenda. Mama wa deki alitoa ya chumba chake, kwa sharti kwamba isiandikwe maskini chini yake. Iandikwe mkata miwa, kwa sababu umaskini si kazi. Wengi waliinama wakachukua zao kimya, wakaondoka nazo, na Mama Tulia hakumwuliza yeyote sababu.

Msumari aliinua ile ya uso. Mama Pacha akamshika mkono, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Baba Pacha, uso huo si wako peke yako," alisema. "Sote tunakula kwa uso huo."

Kila mtu alimwelewa. Uso ukijulikana, kibarua kinakwenda, na chumba kinakwenda na kibarua. Ikawa ubishi kidogo, wa sauti ya chini. Mwisho Msumari akauweka uso mfukoni na akatoa ile ya mgongo. Mgongo hauna jina, alisema. Mama Tulia naye aliona hilo ni jambo la busara, na akasema hivyo. Mama Pacha aliwatazama wote wawili, akaachia mkono.

Gazeti lilitoka. Kijana alitimiza sharti la mama wa deki: chini ya kila picha paliandikwa wakata miwa, na maneno yake yalikuwa ya kweli. Mgongo wa Msumari ulijaza nusu ya ukurasa. Nakala moja ilipita kambini mkono kwa mkono hadi ikalegea kama kitambaa. Na kitu kilitikisika kweli. Wakubwa walikuja na magari, wakauliza maswali, wakatazama bomba. Sehemu ya mishahara iliyolala ikatolewa. Uhamisho wa nusu ya kambi ukaahirishwa. Watu walimpigia Mama Tulia makofi barabarani, akaona haya akashuka kwenye baiskeli.

Lakini nyapara alikuwa ametembea nyuma ya migongo ile miaka mingi. Uso wa mkata miwa hakuujali sana, aliuona asubuhi wakati wa kuitwa majina na jioni wakati wa mzani. Mchana kutwa alichotazama ni migongo. Alilifungua gazeti, akaliona lile bega linalotangulia, na hakuhitaji kusoma. Kesho yake majina yalipoitwa, la Msumari halikuitwa. Alipouliza, aliambiwa kwamba mtu wa magazetini hana haja ya kibarua. Chumba kirudishwe mwisho wa juma.

Mama Tulia alipata habari kwa mwenye mashine ya kusaga, na alipozisikia alikaa chini kwenye kiti cha wateja. Kisha akaenda kambini na mkokoteni wa kuazima. Vitu vya Msumari vilikuwa nje tayari: kitanda kilichofunguliwa, sufuria, furushi la nguo. Aliposhika upande mmoja wa kitanda, Mama Pacha alikuja akauondoa mkono wake juu ya mbao, taratibu, kidole kwa kidole.

"Umeshabeba vya kutosha," alimwambia.

Ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia kwa muda mrefu.

Mwenye mashine alikuwa na chumba cha kuwekea magunia upande wa nyuma. Mama Tulia alimwendea, wakazungumza, naye akakitoa kwa familia ile na kumpa Msumari kazi ya kubeba magunia. Basi wakawa majirani, ukuta mmoja. Mama Pacha alijua ni nani aliyekwenda kuomba chumba, na hilo halikumpunguzia hasira, pengine lilimwongezea. Aliteka maji Mama Tulia akishamaliza kuteka. Alianika nguo upande wa pili wa kamba. Pacha walimwamkia Mama Tulia kila asubuhi, shikamoo mbili kwa mpigo, na mama yao hakuwakataza, lakini aliingia ndani mpaka salamu iishe.

Msumari mwenyewe hakuwa na kinyongo. Mara ya kwanza Mama Tulia alipojaribu kumwomba radhi alimkatiza. Picha aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, alisema, hakunyang'anywa. Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa dawa. Mama Tulia yalimwingia yakatoka. Alijua kwamba mtu anayejua nyuso na migongo kuliko wote pale uwanjani siku ile alikuwa yeye. Ndiye aliyeliona bega lile kwenye karatasi na kusema mwenyewe kwamba ameshika kitu. Kitu alichokishika ni Msumari. Nyapara naye alimshika palepale.

Akaacha kwenda kambini. Pazia likakaa limekunjwa. Baada ya muda mama wa deki alikuja mjini kwa miguu kumuuliza kama anaumwa. Alipoelezwa, alisikiliza, akasema kwamba yeye ameondokewa na majirani wanne tangu msimu uanze na hana sura ya hata mmoja wao. Kama Mama Tulia ana aibu, aje nayo, ataiweka kwenye baiskeli pamoja na koti. Mama Tulia akarudi kambini. Ila toka hapo hakumpiga mtu mpaka amemuuliza na mwenzake wa nyumbani pia, na magazeti yaliyokuja baadaye aliyaambia yangoje aende akaulize, na jibu aliloleta mara nyingi lilikuwa hapana. Filamu alizihifadhi kwenye makasha ya bati juu ya rafu ya kijichumba cha nyuma. Kasha likijaa, alifungua lingine.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Mchana mmoja upepo ulinyanyua bati la paa la studio na kulikunja kama karatasi, na maji yakaingia moja kwa moja kijichumbani. Mwenye mashine na Msumari walikuwa wamekwenda na gari la unga. Mama Tulia alipanda juu ya kiti, akashusha kasha, likamponyoka, filamu zikatawanyika kwenye maji yaliyofika vifundoni. Alipoinama kuziokota, alikuta kuna mikono mingine majini. Mama Pacha alikuwa ameingia na beseni.

"Bado sijakusamehe," alisema bila kuinua kichwa. "Ila hawa hawana kosa."

Wakafanya kazi. Mama Tulia alimwonyesha jinsi ya kuzishika pembeni, jinsi ya kuzisuuza kwa maji safi kabla tope halijakauka juu yake. Kamba ya studio haikutosha, wakafunga nyingine kupitia chumba cha mashine, na nyingine hadi chumba cha Mama Pacha, juu ya kitanda, kutoka msumari wa ukutani hadi dirisha. Pacha walitoa vibanio. Mvua ilipokatika na mwanga ukaingia, vyumba vyote vitatu vilikuwa vimejaa kambi nzima, watu weupe wenye meno meusi wakining'inia na kudondosha maji.

Mama Pacha alitembea chini yao. Alikuwa hajawahi kuziona zote. Alinyanyua uso, akasogea, akarudi nyuma. Kuwasoma watu kinyume si kazi rahisi, lakini yeye aliishi nao, akawatambua kwa namna walivyosimama. Aliuliza huyu alihamia wapi. Mama Tulia akamwambia alichosikia. Akauliza yule je. Mengine Mama Tulia hakuyajua, na Mama Pacha alijua: huyu alirudi kwao, huyu alizikwa wiki ileile, hawa wawili wameoana. Walizunguka hivyo mpaka pacha wakasema wana njaa, na Mama Pacha akaenda kuwasha moto. Aliporudi alileta chai vikombe viwili. Wakanywa wamesimama, maana viti vyote vilikuwa vimelowa.

Sitasema kwamba wakawa mtu na dada yake. Kuna siku Mama Pacha aliamka na lile jambo limemkaa kooni, na siku hiyo salamu ilikuwa fupi. Lakini alizoea kuingia studio. Bei ya sukari ilirudi baadaye, kidogo kidogo, ila kiwanda kiliuzwa na mwenye kukinunua akaleta mashine za kukatia. Mistari ya kambi ikabomolewa na matofali yakauzwa. Msumari aliendelea na magunia hadi akawa msimamizi wa mashine, bega lake bado limetangulia. Macho ya Mama Tulia yakaanza kuchoka kwa sababu ya dawa za miaka mingi, na Mama Pacha ndiye aliyemsaidia kuzipanga picha, mstari kwa mstari, mlango kwa mlango, kwa kuwa alikumbuka nani alikaa wapi.

Na watu walianza kuja. Watoto wa wakata miwa, wamekua, wengine wametoka mbali, waliosikia kwamba kuna mama ana picha za wazazi wao. Mama Tulia alizitoa, lakini aliyezungumza ni Mama Pacha. Nakumbuka dereva mmoja wa lori aliyekuja kumtafuta mama yake, aliyefariki yeye akiwa mdogo. Picha ilikuwepo. Mwanamke ameketi kizingitini, uso umekunjamana, mkono shavuni, macho yametazama mbali. Yule dereva aliishika, akaitazama. Alisema hakujua kwamba mama yake aliteseka kiasi kile.

Mama Pacha aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga.

"Aliteseka, ndiyo, kama sisi sote," alisema. "Lakini hapa jino lilikuwa linamuuma. Na alikuwa amemkasirikia Mama Tulia, kwa sababu alimwambia ngoja kwanza jino litulie nipate kucheka, na huyu hakungoja. Mama yako alikuwa na cheko, mwanangu. Tulikuwa tunalisikia tukiwa bombani."

Dereva akaomba aelezwe cheko lenyewe lilikuwaje. Mama Pacha akafikiri kidogo, akaweka picha chini, akajaribu kulicheka.